Hesabu za Karata Chini ya Mlima Meru

Mji wa Arusha husifiwa kwa kahawa yake, kwa wageni wanaopita humo kwenda Serengeti na Ngorongoro, kwa mikutano ya mataifa, na kwa vito vya buluu vitokavyo Mererani. Lakini ni nadra kuusikia ukisifiwa kwa jambo ambalo, kwa maoni yangu, limewafaa watu wake kuliko yote hayo tangu siku Boma la Wajerumani liliposimamishwa mwaka 1900, nalo ni wepesi wa kuiacha hesabu moja na kuishika nyingine. Watu wa mlima huu wamehesabu kwa vidole na kwa kete, kwa pesa na kwa hela, kwa rupia na kwa shilingi, kwa pishi na kwa kilo, na wakati wa mapumziko wakahesabu karata. Na kila walipohama kutoka hesabu moja kwenda nyingine ilikuwapo saa ya mashaka, ambapo ile ya zamani bado imekaa ulimini na ile mpya haijazoeleka mkononi. Saa hiyo ndiyo niliyokusudia kuitazama katika makala haya, na nimechagua kuitazama zaidi katika karata, kwa sababu sokoni mtu aweza kukosea hesabu na asijue hata jioni, ilhali barazani kosa la karata hudhihirika karata ya pili inapolala chini.

Miteremko ya Meru ina wenyeji wa lugha mbili zisizokuwa na undugu. Wapo Wameru, ambao lugha yao ni ya Kibantu na ni jamaa ya Kichaga cha Machame. Na wapo Waarusha, wakulima wa migomba na mahindi ambao hata hivyo husema Kimaasai na kufuata mpango wa marika kama Wamaasai wa tambarare. Mwaka 1958 mtaalamu wa elimu ya jamii P. H. Gulliver, aliyekuwa amekaa kati ya Waarusha katika miaka hiyo, alichapisha katika jarida la Tanganyika Notes and Records makala juu ya namna ya kuhesabu kwa vidole, na Waarusha walikuwa mojawapo ya makabila mawili aliyoyaeleza. Kwa Mwarusha, kama kwa Mmaasai, idadi haikuwa jambo la ulimi peke yake: neno lilipotamkwa mkono nao ulitoa ishara yake, na mkono mmoja ulitosha, tofauti na mtoto wa shule anayekunjua vidole vya mikono yote miwili ili afike kumi. Idadi hizo zilikuwa na sura zao maalumu za vidole, wala hazikuwa mafungu ya vidole vilivyosimamishwa kimoja kimoja; kwa hiyo aliyejua ishara aliweza kunena tomon, yaani kumi, au tikitam, yaani ishirini, bila kufungua kinywa. Katika magulio ya mlima, walikokutana watu wa lugha mbalimbali, si vigumu kuona faida ya hesabu isiyohitaji mkalimani. Naona huzuni kwamba elimu hiyo imebaki katika kurasa chache za jarida la zamani na katika mikono ya wazee, na laiti makumbusho yaliyomo ndani ya Boma lile lile yangeipa chumba kimoja, wazee wa Ilboru na Sokon wakaitwa kuionyesha mbele ya watoto, ingekuwa heshima iliyochelewa lakini iliyostahili.

Pamoja na hesabu ya vidole ilikuwapo nyingine ambayo si hesabu ya idadi kabisa. Desturi ya Kimaasai huchukia kuhesabu mifugo kwa sauti, kama inavyochukia kuhesabu watoto. Na mchungaji mwenye kundi kubwa, anapolitazama likiingia bomani jioni, haulizi ni wangapi walioingia, bali hutambua kwa rangi, kwa pembe na kwa mwendo ni yupi ambaye hakuingia. Kujua kilichokosekana kwa kukitazama kilichopo: hayo ndiyo maarifa hasa ya mcheza karata hodari, na mtu asiyeyapata, ajapokuwa bingwa wa kujumlisha, atabaki mcheza karata wa kawaida siku zote.

Kadhalika palikuwa na kete. Wamaasai na Waarusha wana bao lao la safu mbili, liitwalo enkeshui, na watu wa pwani walipopanda na misafara walileta bao la Kiswahili la safu nne, lenye mashimo 32 na kete 64. Mtafiti wa Kiholanzi Alex de Voogt, aliyekaa na mabingwa wa bao wa Unguja na kuandika juu yao mwaka 1995, alishangazwa na kadiri wanavyoweza kuuona mwendo mrefu wa kete akilini kabla mkono haujagusa shimo. Nalitaja bao kwa sababu lilikuwa chuo cha kwanza cha hesabu za haraka kwa watu wengi waliokuja kushika karata baadaye, na kwa sababu ya jambo dogo ambalo halikosi kunipendeza: rupia iliyotumika katika Afrika Mashariki ya Wajerumani hapo mwanzoni ilikuwa na pesa 64, kama kete za bao. Sidai kwamba moja lilitokana na lingine. Walakini mtu aliyezoea kugawa 64 kwa nusu na robo katika mchezo hakutaabika kufanya hivyo dukani.

Hesabu hiyo ya 64 haikudumu. Mwaka 1904 serikali ya Kijerumani iliifuta pesa na kuweka hela, mia moja kwa kila rupia, na muuza maziwa aliyejua kwamba robo ya rupia ni pesa kumi na sita alilazimika kujifunza kwamba sasa ni hela ishirini na tano. Waingereza walipokwisha kuitwaa nchi ikaja shilingi, mbili kwa kila rupia, katika miaka ya mwanzo ya 1920. Na mwaka 1966 ikaja shilingi ya Tanzania yenyewe. Mzee aliyezaliwa karibu na mwaka ambao Boma lilijengwa, akajaliwa umri mrefu, alihama mara tatu katika maisha yake bila kuhama nyumba, na kila mara alikuwa akifanya hesabu mbili kwa wakati mmoja: kwanza kwa fedha aliyoizoea, kisha kwa fedha iliyo mkononi. Watu wa kizazi hicho waliendelea kuzihesabu shilingi mbili kama rupia muda mrefu baada ya rupia yenyewe kutoweka. Hawakuwa wajinga. Hesabu ya kwanza ambayo mtu hujifunza huwa ni lugha ya mama ya akili yake, na nyingine zote huifasiri kwanza kabla hazijazoeleka.

Sasa nije kwenye karata. Wareno walifika pwani yetu mwaka 1498, wakajenga Ngome ya Yesu pale Mombasa mwaka 1593, wakaipoteza kwa Waarabu wa Oman mwaka 1698, na walipoondoka hawakutuachia mengi ya kushukuru. Lakini walituachia karata, na jamaa nzima ya maneno yake. Kopa, uru, pau na shupaza ni rangi nne za Kireno zilizovaa kanzu ya Kiswahili, na turufu ni ya huko huko. Walituachia pia hesabu, ambayo ni ya ajabu kwa mtu aliyefundishwa karata na Waingereza. Katika hesabu hiyo ree ina thamani ya 11. Saba, ambayo katika michezo mingi ni karata ya kati isiyo na cheo, ina thamani ya 10 na huzidiwa na ree tu. Mfalme ana 4, kijana ana 3, na malkia ana 2, hivyo kijana humpiku malkia. Sababu yake ni kwamba karata za kale za Kireno hazikuwa na malkia: zilikuwa na mfalme, mpanda farasi na mtumishi, na karata za Kifaransa zilipoenea kijana alirithi nafasi ya mpanda farasi, na malkia akawekwa katika nafasi ya chini iliyokuwa ya mtumishi.

Waswahili hawakujishughulisha na vyeo hivyo vya kifalme. Waliziita karata hizo tatu kwa thamani zao: mzungu wa nne, mzungu wa tatu, mzungu wa pili. Karata zisizo na thamani yoyote wakaziita magarasa. Kwa majina hayo mtoto ajifunzapo kuita karata huwa amekwisha kujifunza hesabu yake, na sijaona katika michezo ya watu wengine mpango wa kufundisha uliorahisishwa kwa ustadi mkubwa namna hii.

Mchezo wenyewe huitwa wahedi wa sitini, na vijana wengi wa bara huuita albastini. Karata za nane, tisa na kumi huondolewa katika jozi. Aghalabu huchezwa na watu wanne, wawili wakiwa upande mmoja, kila mtu akimwelekea mwenzake. Na ushindi hauhesabiwi kwa wingi wa mikono iliyoliwa bali kwa thamani ya karata zilizomo ndani ya mikono hiyo. Kila rangi ina 11 na 10 na 4 na 3 na 2, ambazo jumla yake ni 30, na rangi nne ni 120. Anayepata 61 ameshinda; wakigawana sitini kwa sitini hakuna aliyemfunga mwenziwe. Kwa kuwa jumla haibadiliki, mchezaji mwangalifu hana haja ya kuhesabu pande zote mbili: akijua amekula 47, na mezani zimekwisha kupita 95, anajua wapinzani wana 48 na kwamba 25 zimebaki mikononi mwa watu, na akikumbuka kwamba ree ya turufu haijaonekana na saba ya shupaza haijaonekana, amekwisha kuzipata 21 katika hizo 25, wala hana haja ya kutafakari mengi juu ya zilizosalia. Mwenye kujua hivyo hawezi kushtushwa. Asiyejua hutoa saba yake kwa matumaini, ikaliwa na ree aliyodhani imepita.

Hesabu hii ina tabaka mbili, na mtu hapandi ya pili kabla ya kuimudu ya kwanza. Tabaka ya kwanza ni kujumlisha kile kilichokwisha kuliwa. Tabaka ya pili ni kukumbuka rangi na turufu: zimetoka turufu ngapi, nani amekosa kopa na kwa hiyo atakata kwa turufu kopa ikitolewa tena, nani ametupa garasa wakati mwenzake anakula, jambo linaloonyesha kwamba hana cha thamani cha kumpa. Wachezaji wa zamani wa barazani waliyafanya haya wakiongea habari za mvua na bei ya mahindi, na kama ungewauliza wanavyofanya wangekwambia tu kwamba wanaziona karata. Naamini ni kweli, kwa maana ile ile ambayo mchungaji anamwona ng'ombe asiyeingia bomani.

Karata zilifikaje chini ya Meru? Hazina cheti cha kuingilia, bali njia zilizokuwapo zajulikana. Misafara ya Pangani na Tanga ilipita nchi hizi ikienda Umaasaini kutafuta pembe muda mrefu kabla ya Wajerumani. Baada yake wakaja askari wa Boma, ambao baadhi yao walikuwa Wasudani na wengine watu wa pwani. Kisha wachuuzi, makarani, mafundi na wapishi. Na reli, iliyokuwa imekomea Moshi, ilipofika Arusha mwaka 1929, mtu aliweza kupanda gari la moshi Tanga na kushuka mjini huku na jozi ya karata mfukoni. Mitaa kama Kaloleni na Ngarenaro ilikusanya watu wa kila upande, na mahali ambapo watu wa makabila kumi hukaa ua mmoja, mchezo wenye majina ya Kiswahili huwa ni shule ya Kiswahili pia. Kijana wa Kiarusha aliyeshuka mlimani kutafuta kazi aliingia barazani na hesabu yake ya vidole, akakuta watu wanahesabu kwa wazungu na ree; akahama.

Katika klabu na nyumba za walowezi, wakati huo huo, ilikuwapo hesabu nyingine. Wachezaji wa bridge, hasa baada ya Mmarekani Charles Goren kuieneza katika miaka ya 1940 namna ya kupima karata iliyohusishwa na Milton Work, walihesabu ree kuwa 4, mfalme 3, malkia 2 na kijana 1, jumla 40 kwa jozi nzima. Tazama basi tabu ya mtumishi au karani aliyecheza wahedi wa sitini kwao jioni na kuitazama bridge ya mabwana mchana: mzungu wa nne amekuwa wa tatu; mzungu wa tatu amekuwa wa kwanza; malkia peke yake amebaki na mbili zake, lakini sasa yu juu ya kijana; na saba, saba adhimu, imekuwa garasa. Hakuna mgeni aliye hatari kwa hesabu kuliko hesabu nyingine inayofanana nayo nusu. Ikiwa tofauti kabisa akili huiweka mahali pake. Ikifanana, huingia katika nyumba ya mwenziwe bila kubisha hodi.

Hesabu ya tatu ilizaliwa mbali, nayo ndiyo iliyoandikwa vitabu vingi kupita zote. Mwaka 1956 Wamarekani wanne waliokuwa jeshini huko Aberdeen, Maryland, walichapisha katika jarida la wanatakwimu uchunguzi wa mchezo wa ishirini na moja, ambao wenyewe huuita blackjack, wakaonyesha ni lini mchezaji aongeze karata na ni lini akomee. Mwanahisabati Edward Thorp akaendelea kutoka hapo kwa msaada wa kompyuta, na katika kitabu chake Beat the Dealer cha mwaka 1962 akathibitisha jambo ambalo wenye kasino walikuwa hawaliamini: kwa kuwa karata zilizokwisha kutoka hazirudi mpaka zichangwe upya, thamani ya zilizobaki hubadilika, na anayekumbuka zilizotoka aweza kujua wakati bahati imemgeukia. Wingi wa kumi na ree katika zilizobaki humfaa mchezaji, kwa sababu ree pamoja na kumi ndiyo ishirini na moja ya papo kwa papo inayolipwa zaidi ya dau, na kwa sababu mgawaji, ambaye sheria humlazimisha kuongeza karata mpaka afike 17, huvuka mpaka mara kwa mara karata kubwa zinapokuwa nyingi. Wingi wa karata ndogo humfaa mgawaji.

Njia ya kwanza ya Thorp ilikuwa nzito. Mwaka 1963 Harvey Dubner alitoa njia nyepesi, Julian Braun wa kampuni ya IBM akaisafisha kwa kompyuta, nayo ikaingia katika chapa ya pili ya kitabu cha Thorp mwaka 1966: kila karata kuanzia 2 hadi 6 ikitoka ongeza moja, 7, 8 na 9 ziache, 10, wazungu wote watatu na ree ikitoka punguza moja. Njia hiyo huitwa Hi-Lo, na hadi leo ndiyo ya kawaida.

Hapa mcheza wahedi wa sitini anatakiwa atulie na kufikiri, maana hajapata kuona dunia iliyopinduliwa namna hii. Maisha yake yote amefundishwa kuyapuuza magarasa. Tatu, nne, tano na sita zilipita mbele yake kama watu wasiojulikana, na macho yake yalizifuata ree na saba. Katika ishirini na moja magarasa ndiyo habari yenyewe: tano ikitoka ni neema kubwa kwa mchezaji, na anayelamba garasa huenda amelamba ishara ya kuongeza dau katika mgao ujao. Wazungu watatu, ambao aliwajua kwa thamani tatu mbalimbali, sasa wote ni kumi bila ubora wa mmoja juu ya mwingine. Saba imeshuka kutoka 10 hadi kutokuwa na kitu. Nane, tisa na kumi, alizozoea kuziweka kando, zimerudi. Ree peke yake imebaki na 11 yake, nayo hugeuka 1 ikilazimika.

Jambo moja, hata hivyo, atalitambua kama ndugu yake. Hi-Lo ni hesabu iliyosawazishwa: anayeanza na sufuri na kuipitia jozi nzima ya karata 52 hurudi kwenye sufuri, kama vile wahedi wa sitini usivyoweza kuvuka 120. Mwisho unaojulikana humwezesha mtu kujisahihisha. Lakini zipo hesabu zisizosawazishwa, kama ile ya Olaf Vancura na Ken Fuchs iliyoenea katika miaka ya 1990 kwa jina la KO, ambayo huihesabu saba nayo kuwa ya kuongeza, hata mwisho wa kila jozi hubaki nne zaidi. Faida yake ni kwamba mchezaji haondolewi katika mchezo ili agawanye hesabu yake kwa idadi ya jozi zilizobaki, kama mwenye Hi-Lo, ambaye akiwa na sita na jozi mbili zimebaki ni lazima ajue kwamba hesabu yake ya kweli ni tatu. Na zipo hesabu nzito, kama Omega II ya Bryce Carlson ya mwaka 1992, inayotoa mbili kwa 4, 5 na 6, moja kwa 2, 3 na 7, inayopunguza moja kwa 9 na mbili kwa kila kumi, na kuiacha ree ihesabiwe kando na mwenye kuweza.

Watu wengi huhama kutoka Hi-Lo kwenda hesabu hizo nzito wakitumaini kwamba uzito ni faida. Peter Griffin, katika kitabu chake cha mwaka 1979 juu ya elimu ya mchezo huu, aliweka vipimo viwili vya kuzipima: kimoja cha kuonyesha hesabu inavyoongoza dau, kingine cha kuonyesha inavyoongoza uamuzi wa kuongeza au kukomea. Kwa kipimo cha dau Hi-Lo hupata 0.97 na Omega II 0.92, kwa kipimo cha uamuzi Hi-Lo hupata 0.51 na Omega II 0.67. Maana yake ni kwamba mwenye kuhama huuza kitu ili anunue kingine, na katika michezo ya jozi nyingi, ambamo dau ndilo lenye uzito, huenda ameuza kilicho bora. Zaidi ya hayo hulipa ushuru wa kuhama, ambao haumo katika jedwali lolote: nne iliyokuwa moja sasa ni mbili, na katika kasi ya mezani mkono wa akili hurudi kwenye moja. Makosa machache ya namna hiyo humaliza faida yote, kwa kuwa faida yenyewe, hata kwa bingwa, ni ya kiasi cha asilimia moja hivi ya dau. Ndiyo sababu naona walio na busara huhama mara moja tu au wasihame kabisa, na anayehama hukaa majuma mengi bila kucheza kwa fedha, akiisahaulisha akili yake kwa makusudi hesabu ya kwanza. Wazee wa rupia hawakupewa nafasi hiyo, soko halikuwangoja.

Ni lazima niseme juu ya kamari yenyewe, maana sipendi msomaji adhani naisifu. Kurani Tukufu imeikataza katika Sura za Al-Baqara na Al-Maida, na makanisa yaliyoota mizizi mlimani, tangu Walutheri wa Leipzig walipoweka kituo Nkoaranga mwaka 1902, hayakuwafundisha waumini wao kutafuta riziki kwa bahati. Wahedi wa sitini aghalabu haukuwa mchezo wa fedha. Aliyefungwa alilipa kwa aibu, na aibu ya barazani ni kali ya kutosha. Kwa upande wa serikali, mwaka ule ule wa 1967 ambao Azimio la Arusha lilitangaza kwamba fedha siyo msingi wa maendeleo, ilitungwa sheria ya kusimamia bahati nasibu; ikafuatiwa na ya Bahati Nasibu ya Taifa mwaka 1974; na sheria hizo zote zilifutwa na Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003, iliyounda Bodi ya Michezo ya Kubahatisha. Chini ya sheria hiyo kasino zimefunguliwa mijini, na Arusha, mji wa wageni, haukukosa zake. Aidha vipo vijimeza vya karata tatu karibu na stendi na masoko, ambavyo havihusiani na lolote nililolieleza hapa: pale hakuna hesabu, kuna vidole vya mlaghai na wenzake wanaojifanya wateja, na kijana aliyetoka kuuza kahawa ya baba yake anapaswa kupita bila kugeuka.

Kwa anayetaka kuijaribu hesabu ya ishirini na moja kwa ajili ya kuunoa ufahamu, kama watu walivyocheza bao, njia ni ile wanayoitumia wote: achukue jozi kamili ya karata 52, azirudishe nane, tisa na kumi alizozoea kuziondoa, azigeuze moja moja akihesabu, na karata ya mwisho ikifika awe kwenye sufuri. Hapo mwanzo atachukua dakika kadhaa na kuishia kwenye mbili au tatu. Akizoea, nusu dakika itamtosha. Mcheza wahedi wa sitini atagundua kwamba kosa lake liko mahali pawili siku zote: kwenye saba, kwa sababu mkono wake hukataa kuiacha ipite bure, na kwenye wazungu, kwa sababu akili yake bado inawaita kwa nne, tatu na mbili. Akishayashinda hayo asidhani kwamba amepata ufunguo wa kasino: nyingi duniani sasa huchanganya jozi sita au nane pamoja, nyingine hutumia mashine zinazorudisha karata na kuzichanga bila kukoma, na mbele ya mashine hiyo karata iliyotoka haina habari yoyote ya kumpa mtu, awe anahesabu kwa Hi-Lo, kwa Omega, au kwa mzungu wa nne.